Kazi za jamii Rubavu (2): Nani hasa anajitolea?

Juma lililopita tulieleza jinsi umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii, ulivyorasimishwa Rwanda mwaka 1974 na kurudishwa mwaka 1998. Leo tutazame wanaoufanya.

Sheria ya mwaka 2007 inamtaka kila Mnyarwanda mkazi wa miaka 18 hadi 65 ashiriki Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa mbili hadi saa tano asubuhi. Anayekosa bila sababu hutozwa faini isiyozidi faranga 5,000. Baba na mama wanaotoka na majembe mjini Gisenyi, wilayani Rubavu, basi, wanatimiza wajibu. Walio nje ya umri huo sheria imewaachia hiari. Kwa hiyo mtoto wa miaka 12 anayebeba miche na bibi wa miaka 70 anayewaelekeza vijana ndio wanaojitolea kwa maana kamili. Nao kwa kawaida huja kwa sababu watu wa nyumbani kwao wanakwenda.

Vilabu vya huduma hupanga mambo vingine. Rotary, iliyozaliwa Chicago mwaka 1905, iliwaundia vijana klabu yao, Interact, mwaka 1962. Wakubwa wana mikutano yao. Umuganda haugawi watu kwa rika. Watu wa umudugudu (kijiji) mmoja hukutana kwenye mtaro mmoja.

Rubavu inajua thamani ya mtaro. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa iliua zaidi ya watu 130 nchini, na hapa Mto Sebeya ulifurika ukabomoa nyumba. Mteremko usio na miti huachia maji yashuke na udongo. Kinga yake ni matuta, mitaro na miti, lakini mche hautoshelezwi na saa tatu kwa mwezi. Lazima upaliliwe na ulindwe na mbuzi; mtaro nao uzibuliwe kabla ya masika. Kazi hizo za siku za kawaida huangukia kaya iliyo jirani, na mara nyingi mtoto ndiye anayepita hapo kila siku.

Ndiyo maana ingefaa kila kaya ikabidhiwe kipande chake cha mtaro, wakubwa wakijibu kwa niaba yake. Watoto wasiandikwe kwenye orodha ya mahudhurio. Wakishaandikwa, hiari yao imegeuka amri.

Juma lijalo: mkutano wa umudugudu baada ya majembe kuwekwa chini.