Lenzi Kuukuu za Hadubini: Zipi Zirejeshwe Kazini, Zipi Ziachwe

Majibu ya kipimo cha malaria au cha makohozi hutegemea kioo kidogo kama punje ya mtama: lenzi ya chini ya hadubini, ile inayokaribia kugusa slaidi. Lenzi hiyo ikiwa na ukungu, vimelea vichache vilivyomo katika damu huweza kupita bila kuonekana, na mgonjwa akaambiwa kuwa hana ugonjwa alio nao.

Maabara nyingi ndogo hutumia hadubini zilizokwisha kutumika kwingine. Jambo hilo si kasoro kwa lenyewe. Lenzi inayozamishwa katika mafuta ilibuniwa na Ernst Abbe katika karakana ya Carl Zeiss mjini Jena, Ujerumani, mwaka 1878, na ilimsaidia Robert Koch kuwatambua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882. Kanuni yake ni ile ile hadi leo, na kioo kilichotunzwa vyema hudumu kwa miongo mingi.

Hatua ya kwanza ni kusoma maandishi ya ubavuni. Alama 100/1.25 humaanisha kuwa lenzi hukuza mara 100, na 1.25 ni kipimo cha uwezo wake wa kupambanua vitu vilivyokaribiana. Namba 160 ni urefu wa mrija wa hadubini kwa milimita, nayo 0.17 ni unene wa kioo cha kufunikia. Lenzi yenye alama ∞ haifai kwa hadubini ya 160, hata kama hesi zake zinaingiliana. Taswira haitakuwa safi.

Kisha lenzi ichunguzwe. Fundi huigeuza juu chini chini ya taa na kuitazama kwa lenzi ya jicho iliyochomolewa na kugeuzwa, ambayo hukuza kama kioo cha mkononi. Mafuta yaliyokauka huonekana kama utando wa manjano, haya husafishika. Kuvu huonekana kama nyuzi za buibui. Ikiwa imekwisha kula kioo, alama hubaki hata baada ya kusafishwa. Rangi za upinde wa mvua au madoa yenye umbo la majani ndani ya lenzi huashiria kuwa gundi inayounganisha vioo imeachia. Lenzi hiyo iwekwe kando.

Usafishaji hauhitaji nguvu. Vumbi hupulizwa kwanza kwa kipulizio cha mpira, kwa kuwa chembe ya mchanga ikisuguliwa hukwaruza kioo. Halafu karatasi laini ya lenzi hunyunyiziwa matone machache ya kimiminika kinachopendekezwa na mtengenezaji, na kupitishwa taratibu kutoka katikati kwenda ukingoni. Lenzi isilowekwe kamwe, kwa maana kimiminika kikipenya huyeyusha gundi. Lenzi ya mara 40, ambayo hutumika bila mafuta, ikaguliwe kwa makini: mara nyingi ndiyo iliyochafuliwa na mafuta ya jirani yake.

Lenzi iliyosafishwa bado haijaruhusiwa kutoa majibu. Mtaalamu hana budi kuijaribu kwa slaidi zenye majibu yanayojulikana, zenye vimelea na zisizo navyo, akizilinganisha na hadubini nyingine iliyo sahihi. Kiini cha kimelea na mwili wake vikishindwa kupambanuliwa, lenzi hiyo isitumike kwa wagonjwa. Hata lenzi njema haiondoi wajibu wa kusoma walau maeneo 100 ya slaidi nene kabla ya kuandika kuwa hakuna vimelea.

Baada ya kazi ya kila siku mafuta yafutwe, na hadubini ihifadhiwe mahali pakavu, ndani ya kabati lenye balbu ndogo ya joto au vifuko vya kufyonza unyevu. Katika mikoa ya pwani tahadhari hiyo ni ya lazima.

Kwa mgonjwa, ushauri ni mmoja: homa au kikohozi kikiendelea baada ya majibu kuonyesha hakuna ugonjwa, arudi kituoni na kuomba apimwe tena.