Gidoni na vitesi: namna ya kuchagua kinga isiyoumiza mikono na mgongo



Katika kurasa hizi tumezoea kuongea juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya muhogo. Leo tunaongea juu ya kinga. Juu ya nini? Kwa sababu mavuno yetu mengi, mbele ya kufika kwenye gari au kwenye soko la Uvira, yanapita kwanza kwenye kinga: muhogo wa Luberizi, mpunga wa Kiliba, nyanya za Sange. Na koperative kadhaa zinatuuliza ni kinga gani inafaa kununuliwa kwa feza za pamoja.

Mara nyingi watu wanauliza bei, kisha wanauliza itabeba kilo ngapi. Ni maswali mazuri, lakini kuna mengine mawili ambayo yanasahaulika: gidoni iko namna gani, na je, kinga hii inahitaji vitesi? Gidoni ndiyo inaamua kama mtu atafika na mgongo mzima, na kama atatawala mzigo pale barabara inapoharibika. Mtu anayerudi kutoka soko na mabega yanauma, kesho yake hashiki jembe. Na gidoni mbaya ikiangusha mzigo wa nyanya, hasara ni ya kila mwanamemba aliyeweka kikapu chake pale.

Mwili unabebwa na nini

Mtu akiwa juu ya kinga, uzito wake unagawanyika fasi tatu: kwenye kiti, kwenye pedali na kwenye gidoni. Gidoni ikiwa chini na mbali, mtu anainama, na uzito mwingi unaingia mikononi. Kwenye kiganja, upande wa kidole kidogo, unapita mshipa wa fahamu. Ukibanwa kwa muda mrefu, kidole kidogo na kile cha pembeni yake vinakufa ganzi. Shingo nayo inaumia, kwa sababu inajikunja kwenda juu ili macho yaone barabara.

Gidoni ikipanda na kurudi karibu na mwili, mgongo unanyooka na mikono inapumzika. Lakini musipitishe kiasi. Mtu akikaa wima kabisa kama kwenye kiti cha kanisa, uzito wote unashuka kwenye makalio, na kila shimo la barabara linapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Tena, upepo wa mchana unaotoka ziwani utampiga kifua chote. Kukaa kuzuri ni hivi: mgongo umeinama kidogo tu, viwiko vimekunjwa kidogo, na kifundo cha mkono kimenyooka. Na kama gidoni iko juu, kiti kiwe kipana, cha springi ni bora zaidi.

Gidoni za namna tatu

Ya kwanza ni gidoni iliyonyooka kama fimbo. Inakuja na zile kinga za mitumba za kupandia milima. Inashikika vizuri kwenye njia mbaya, lakini inageuza kifundo cha mkono, na mara nyingi iko mbali na chini. Kwa safari fupi haina shida. Kwa saa mbili au tatu barabarani, mikono italalamika.

Ya pili ni gidoni ya kozi, ile iliyopinda kwenda chini kama pembe za kondoo. Hiyo muiache kwa wanaoshindana mbio. Ukiwa na gunia nyuma, haikupi nguvu ya kugeuza.

Ya tatu ni gidoni iliyopinda kurudi nyuma, ile ya kinga nyeusi za kizamani ambazo umbo lake lilitoka Uingereza na leo zinatengenezwa sana China na India. Mikono inaishika kama ya mtu anayesukuma burueti. Kwa kazi yetu, hii ndiyo tunashauri.

Mupime upana wake. Gidoni iwe pana kupita mabega kidogo. Sentimita 55 mpaka 60 inafaa watu wengi. Upana unasaidia zaidi pale mtu anaposhuka na kusukuma. Mzigo wa nyuma unapotaka kulala upande, mkono ulio mbali na katikati unaurudisha bila nguvu nyingi. Mwaka 1954, kwenye vita vya Dien Bien Phu kule Vietnam, wabebaji walisukuma kinga zenye mzigo wa kilo 200 na zaidi, na walirefusha gidoni kwa kufunga mti wa mwanzi upande mmoja. Waliijua hiyo kanuni bila kusoma fizikia, kama wanavyoijua wasukumaji wetu wa makala.

Mukae juu ya kinga na kugeuza gidoni mpaka mwisho, kushoto na kuume. Ncha zake zisiguse magoti. Zikigusa, siku moja utakata kona na gidoni itakataa.

Jambo moja la kuangalia mbele ya kubadilisha: kama freni zako ni za vyuma virefu na si za kable, mikono ya freni imeshikana na gidoni yenyewe. Huwezi kutoa gidoni na kuweka ya namna nyingine bila kubadilisha freni pia. Muulize fundi mbele ya kulipa, kusudi musinunue kitu mara mbili.

Urefu wa gidoni na hatari yake

Kwa mtu anayebeba mzigo, mishiko ya gidoni iwe sawa na kiti au ipite kiti kwa sentimita tano hivi. Kwenye kinga nyingi za kizamani, shingo ya gidoni ni chuma kinachoingia ndani ya bomba la mbele, na kinabanwa na buloni ndefu ya katikati. Kuipandisha ni rahisi: fungua buloni mizunguko miwili au mitatu, weka kipande cha mti juu yake, igonge pole pole mpaka iachie, kisha inua na kukaza tena.

Hapa muwe waangalifu. Kwenye hiyo shingo kuna mstari au alama inayoonyesha mwisho wa kupandisha. Alama ibaki ndani, isionekane. Kama imefutika, muhakikishe sentimita saba za chuma zinabaki ndani ya bomba. Anayeinua kupita hapo, shingo inaweza kuvunjika au kuchomoka kwenye shimo, na mtu atabaki na gidoni mkononi huku gunia linamsukuma nyuma.

Kinga mpya zaidi hazina hiyo buloni ndefu. Shingo imekumbatia bomba kwa nje na inafungwa na buloni ndogo za pembeni. Hiyo haiinuki. Kama iko chini, suluhisho ni kubadilisha shingo au kuweka gidoni inayopanda yenyewe.

Mukumbuke pia kable. Gidoni ikipanda, kable za freni na za vitesi zinakuwa fupi. Geuza gidoni pande zote mbili: kama freni inajikaza yenyewe, kable haitoshi. Nunua ndefu zaidi.

Je, munahitaji vitesi?

Jibu linatokana na njia munayopita.

Ziwa letu liko mita kama 770 juu ya bahari, na bonde la Ruzizi linapanda kutoka hapo pole pole tu kuelekea Kamanyola. Kwa mtu wa Runingu, Sange au Luvungi anayeteremka Uvira, vitesi moja inatosha. Kinga isiyo na vitesi nyingi ina vyombo vichache vya kuharibika, na fundi yeyote wa barabarani anaijua.

Kama ni nzito kwa mzigo, kuna dawa ya bei ndogo: badilisha meno ya nyuma. Kinga yenye meno 44 mbele na 18 nyuma, ukiweka 22 nyuma, nguvu ya kukanyaga inapungua karibu asilimia 18. Mwendo nao unapungua vilevile, lakini mwenye gunia hashindani na mtu. Huenda sheni ikahitaji kuongezwa kiungo kimoja.

Kwa njia zenye kupanda na kushuka kidogo, kama mlima unapokaribia ziwa upande wa Makobola, vitesi tatu zinasaidia. Kuna zile zilizofichwa ndani ya moyo wa gurudumu la nyuma. Waingereza wa Nottingham, Sturmey-Archer, walianza kuzitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1900. Kwenye ile yao inayoonekana zaidi, vitesi ya kwanza inapunguza mwendo kwa robo, na ya tatu inauongeza kwa theluthi. Uzuri wake ni kwamba vumbi na tope haviingii ovyo, na unaweza kubadilisha ukiwa umesimama, jambo zuri kwa mwenye mzigo. Ubaya wake: ikiharibika ndani, vyombo havipatikani kirahisi. Tena kable ikilegea, pedali inaweza kuteleza ghafla na kukuangusha. Irekebishwe siku ileile.

Zile za nje, ambapo sheni inaruka kutoka meno haya kwenda meno yale, ndizo ziko kwenye mitumba nyingi ya Ulaya. Zinafanya kazi, lakini kale kamkono kanakoning'inia karibu na gurudumu la nyuma kanapinda kirahisi kinga ikilala na mzigo.

Mkono wa kubadilishia vitesi

Kwa vitesi za nje, kuna mikono ya namna mbili. Ya kwanza inapiga "tak, tak": kila mlio unavuta kable kwa kipimo kamili. Iko ya kuzungusha kwenye mshiko na iko ya kusukuma kwa kidole. Ni tamu ikiwa mpya, lakini lazima ilingane na meno na vyombo vya nyuma. Ukibadilisha kimoja kwa kingine cha chapa tofauti, sheni inaanza kurukaruka. Ile ya kuzungusha, tena, inataka mshiko ulionyooka. Kwenye gidoni iliyopinda sana haikai.

Ya pili ni mkono mdogo wa kizamani usio na milio, unaosukumwa kwa kidole gumba na kukaa popote unapouacha. Huo unakubali karibu vyombo vyote vya nyuma, hata vya kuokoteza. Kujifunza kunachukua siku mbili tatu tu: unasukuma, unasikiliza sheni, unarekebisha kidogo mpaka inyamaze. Kama koperative inanunua kinga ya vitesi, mutafute yenye mkono huu, au muombe fundi auweke. Uwekwe karibu na mshiko, kidole gumba kiufikie bila kuachia gidoni, na kable isipinde kwa nguvu.

Kwa wenzetu wanaoteremka na mavuno kutoka upande wa Lemera, wasihangaike sana na vitesi, maana kwenye mlima mkali wenye mzigo anasukuma tu. Feza yao iende kwenye gidoni pana na freni mbili za kweli. Magurudumu ya chuma kinachong'aa yakilowa mvua, freni inashika vibaya sana. Kwenye mteremko uliolowa, mushuke na kutembea.

Mbele ya koperative kulipa

Kinga ya pamoja inaendeshwa na watu wengi, mrefu na mfupi, papa na mama. Kwa hiyo muchague ile ambayo kiti na gidoni vyote viwili vinapanda na kushuka, na muweke ufunguo wake pamoja na kinga. Kwa mama aliyevaa kitenge, kinga isiyo na chuma cha juu cha katikati ni rahisi kupanda, lakini muangalie kama chuma chake ni kinene, maana kwa mzigo inayumba zaidi.

Kisha mufanye hivi, palepale kwa muuzaji:

1. Shika gurudumu la mbele katikati ya magoti na jaribu kugeuza gidoni. Ikizunguka peke yake, haijakazwa.
2. Angalia alama kwenye shingo ya gidoni.
3. Geuza gidoni mpaka mwisho pande zote. Angalia magoti na kable.
4. Tafuta nyufa na kutu pale gidoni inaposhikwa na shingo. Hapo ndipo inapovunjika. Gidoni ya aluminiamu iliyowahi kupinda isinyooshwe, itupwe.
5. Kaza freni zote mbili na sukuma kinga mbele.
6. Kama kuna vitesi, pitisha zote, kwenda na kurudi.
7. Funga gunia la kilo 50 nyuma, mupeane zamu watu watatu wa urefu tofauti, kila mtu dakika 20.

Huo mtihani wa mwisho usiachwe. Mtu akirudi na vidole vimekufa ganzi baada ya dakika 20, fikiria atakavyokuwa baada ya safari nzima ya soko. Muuzaji akikataa kinga yake ijaribiwe na mzigo, muende kwa mwingine. Feza ya koperative ni jasho la watu wengi, na kinga nzuri itawabebea mavuno miaka mingi.