Je, Wajua? Taa ya Injini Ikiwaka Ukiwa Landless, Thika

Je, wajua kwamba ile taa ya manjano yenye umbo la injini haijui ni kipuri gani kimekufa? Inachojua ni dalili. Kompyuta ya gari hufuatilia mwendo wa krankishafti, na silinda moja ikikosa kuwaka, krankishafti hupungua kasi kwa kitambo kidogo sana. Kompyuta hunasa hilo na kuandika namba: P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, mpaka P0304 kwa Toyota Probox na Fielder zilizojaa Barabara ya Garissa. Basi fundi anayetaka ununue koili nne eti kwa kuwa "mashine imesema" amesoma nusu ya habari. Mashine imetaja silinda. Mkosaji anaweza kuwa koili, plagi, nozeli, au hata valvu.

Je, wajua kipimo ambacho hakigharimu hata shilingi? Tuseme namba ni P0303. Zima injini, hamisha koili ya silinda ya tatu uiweke ya kwanza, na ya kwanza uipeleke ya tatu. Futa namba, endesha kidogo, kisha pima tena. Ikisoma P0301, ubovu umehama na koili, kwa hiyo nunua koili moja. Ikibaki P0303, koili haina hatia. Hamisha plagi kwa namna hiyo hiyo. Plagi nayo ikiondolewa lawama, ndipo useme habari ya nozeli na kupima mgandamizo wa silinda. Na usikosee kuhesabu: kwenye injini hizi za Toyota silinda ya kwanza ni ile ya upande wa mkanda.

Je, wajua kazi ya koili? Betri ni volti 12. Cheche ya plagi huhitaji maelfu ya volti, na koili ya kisasa inaweza kutoa zaidi ya 20,000. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hupiga cheche mara 25 kwa sekunde. Ndiyo maana yule fundi anayeshika koili kwa mkono injini ikinguruma hastahili kusifiwa ushujaa.

Je, wajua Thika ni mji wa magari tangu zamani? Kenya Vehicle Manufacturers ilianzishwa 1974 kwa jina la Leyland Kenya, na Desemba 2016 Volkswagen ilizindua hapo uunganishaji wa Polo Vivo. Gari la petroli la miaka ile ya sabini lilikuwa na koili moja na distributa. Koili ikifa, gari lilikufa lote na dereva akashuka kusukuma. Siku hizi magari mengi yana koili kwa kila silinda. Moja ikifa, gari linaendelea kwenda, likitetemeka na kunywa mafuta, na mwenyewe anajiambia atalishughulikia mwisho wa mwezi. Kwa maoni yangu hapo ndipo hasara kubwa inapoanzia.

Kwa nini? Taa ikiwaka tu bila kupepesa, una nafasi ya kufika gereji taratibu. Ikipepesa, kompyuta inakuambia petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuungulia ndani ya katalisti, kile kifaa kinachosafisha moshi. Joto lake huweza kuyeyusha kauri iliyomo. Katalisti ina platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei kali. Wezi wanaoikata chini ya magari wanajua wanachofanya. Ikipepesa ukiwa Thika Road, ondoa mguu kwenye mafuta na utafute pa kuegesha. Usijidanganye kwamba utafika Ruiru kwanza.

Adui mwingine wa katalisti alikuwa risasi kwenye petroli. Agosti 2021, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao makuu Gigiri, Nairobi, lilitangaza kwamba petroli hiyo ya magari imekwisha duniani. Algeria ndiyo iliyomaliza mwisho.

Ukisoma P0300, maana yake silinda zinakosa kuwaka bila mpangilio. Hapo usikimbilie koili, kwani ni nadra koili kadhaa kufa siku moja. Jiulize ulijaza mafuta wapi. Petroli kuchanganywa na mafuta ya taa lilikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuua biashara hiyo. Angalia pia mipira ya hewa iliyopasuka.

Je, uliosha injini jana? Maji yakiingia kwenye mashimo ya plagi, cheche hukimbilia kwenye chuma badala ya kuruka kwenye ncha. Oili inayovuja kutoka gasketi ya tapeti kava huingia mashimo hayo hayo. Kubadilisha koili bila kubadilisha gasketi ni kununua koili mara mbili.

Ukinunua gari kwa mtu, washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini lazima iwake, kisha izimike injini ikishika. Isipowaka kabisa, huenda kuna aliyeiziba. Na kuchomoa betri hufuta namba bila kuponya chochote. Ugonjwa ukiwepo, namba itarudi.

Kwa hiyo ukifika gereji, omba namba iandikwe kwenye karatasi kabla hujatuma pesa ya spea Kirinyaga Road, Nairobi, na koili ya zamani ikitolewa, idai uondoke nayo.