Nusukaputi na koo: Kikohozi kimoja, kasheshe tupu!

Na Mwandishi Wetu

WATU wengi wakiambiwa wanaenda kupasuliwa, kinachowanyima raha ni kisu. "Nisije nikaamka katikati," ndiyo hofu ya kwanza. Ya pili ni "nisije nikalala jumla." Sasa kaa vizuri nikupe ya tatu, ambayo kijiweni haizungumzwi kabisa: kikohozi.

Ndiyo, kikohozi hikihiki unachokijua. Kwa mtu aliyepasuliwa shingo au koo, awe ametolewa goita, tonses (wazee wanaziita mafindofindo) au kinyama kwenye nyuzi za sauti, kukohoa kwa dakika mbili wakati wa kuzinduka kunaweza kuvuruga kazi ya saa mbili. Ndiyo maana mpasuaji anapovua glovu na kwenda zake kunywa chai, kuna jamaa mmoja anabaki kichwani pa mgonjwa macho yamemtoka. Huyo ndiye mtu wa usingizi. Ukitoka hospitali unamshukuru mpasuaji tu, jina la huyu hata hulikumbuki!

Mlinzi wa getini

Twende taratibu. Ukishapigwa dawa ya usingizi mzito, ile tunayoiita nusukaputi, daktari anakupitishia mpira mdomoni, unapenya katikati ya nyuzi za sauti hadi ndani ya bomba la hewa. Karibu na ncha ya mpira kuna kiputo kinachojazwa upepo ili kuziba pembeni, hewa ya mashine isivuje na mate au damu visiteremke mapafuni.

Sasa hilo bomba la hewa lina mlinzi mkali ajabu. Punje moja ya wali ikikosea njia, unajua mwenyewe kinachokupata. Ukiwa umelala fofofo, mlinzi naye kalala. Tatizo ni kwamba dawa ikianza kupungua, mlinzi anaamka kabla yako. Wewe bado hujui uko Dar au Dodoma, yeye tayari kakuta mpira umekaa getini kwake. Anaanza fujo: koh! koh! koh! Mgonjwa anakunja mgongo, anauma mpira, macho yanatoka maji, uso unaiva. Na asubuhi yake hakumbuki lolote.

Damu haina subira

Kwani kuna ubaya gani? Jaribu kukohoa kwa nguvu mbele ya kioo, utaona mishipa ya shingo inavyotuna. Ndani ya shingo iliyoshonwa muda huohuo kuna mishipa midogo chungu nzima iliyofungwa kwa uzi au kuchomwa kwa umeme. Presha ikipanda ghafla, uzi unaweza kuteleza, au kidonge cha damu kilichoziba tundu kikachomoka.

Shingo ni nyumba ya chumba kimoja. Damu ikijikusanya chini ya mshono haina pa kwenda, inaanza kukandamiza. Damu ya kichwani inashindwa kurudi chini vizuri, koo linavimba kwa ndani, na njia ya hewa inazidi kuwa nyembamba. Jambo hili huwapata wachache, kama mgonjwa 1 au 2 katika kila 100 wanaotolewa tezi ya shingo, na si wote kwa ajili ya kikohozi. Lakini likitokea ni mbio za dakika. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa Uingereza vilitoa mwongozo unaosema mgonjwa wa namna hiyo akibanwa pumzi, mshono ufumuliwe palepale kitandani, bila kusubiri thieta, na vifaa vya kufumulia vikae karibu naye tangu mwanzo.

Kwa wa tonses kasheshe ni la aina nyingine. Kidonda kiko wazi mdomoni, damu inaweza kudondokea nyuzi za sauti, na hasa kwa watoto nyuzi hizo zinajibana kama mlango uliopigwa komeo. Kifua kinahangaika, hewa haiingii. Kwa hiyo kabla ya kuchomoa mpira daktari anafyonza koo lote kwa mashine, mpaka juu nyuma ya kimeo, kwa sababu donge la damu hupenda kujificha huko. Waingereza wamelipa donge hilo jina la mchunguza vifo. Maana yake ukilisahau, atakayekuja kuliona ni yeye.

Mzee wa Bern

Shingo iliwatisha wapasuaji kwa miaka mingi. Aliyeibadilisha hadithi ni Theodor Kocher wa mji wa Bern, Uswisi, nchi ya milima ambako goita zilikuwa za kumwaga kwa kukosa madini joto, kama ilivyokuwa kwetu Nyanda za Juu Kusini. Mzee huyo alipasua goita zaidi ya 5,000 na mwaka 1909 akapewa Tuzo ya Nobel. Alikuwa mtu wa taratibu, kila mshipa anaufunga kabla ya kuendelea. Na wagonjwa wake wengi hakuwalaza kabisa. Aliwapiga ganzi ya kokeini shingoni, wakawa macho huku anapasua. Siwaonei wivu hata kidogo, lakini angalau hawakuwa na mpira wa kuwakohoza!

Ganzi ya jino yaingia kazini

Siku hizi mbinu ni nyingi. Rahisi kuliko zote ni lignokaini, ganzi ileile ya kung'olea jino. Ilitengenezwa na Nils Löfgren wa Sweden mwaka 1943, na mpaka leo ni dawa ya bei nafuu. Dakika chache kabla ya kuchomoa mpira, daktari anaipitisha kwenye mshipa, miligramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni miligramu 60 hadi 90. Mlinzi anapunguza ukali. Wengine huijaza ndani ya kile kiputo badala ya upepo, ikapenya taratibu na kutia ganzi palepale mpira unapogusa.

Ipo remifentanili, ndugu wa mofini, inayopitishwa kidogo kidogo kwa pampu. Sifa yake ni kwamba ukizima pampu, baada ya dakika chache imekwisha mwilini. Ipo pia deksimedetomidini, inayomfanya mgonjwa atulie huku akiendelea kupumua vizuri, ukimwita anafumbua macho. Mwaka 2020 jarida la Uingereza la madaktari wa usingizi lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 70, na hiyo ndiyo iliyong'ara katika kuzuia kikohozi. Ila si ya bure: inaweza kushusha presha, kupunguza mapigo ya moyo na kumchelewesha mtu kuamka. Na ukilazwa kwa propofoli, ile dawa nyeupe kama maziwa, badala ya gesi, mara nyingi unaamka kwa upole zaidi.

Kuna njia ya wenye mikono mizito ya kazi: kuchomoa mpira mgonjwa akiwa bado fofofo. Kikohozi hakuna. Lakini hapo mlinzi hayupo getini! Damu au matapishi vikija, vinateremka moja kwa moja mapafuni. Ndiyo maana mtu mnene sana, au aliyekula muda si mrefu, hafanyiwi hivyo. Mimi naona hapa ndipo ilipo kazi yenyewe. Mlinzi asiamke na hasira, wala asikutwe amelala.

Wavuta fegi mpo?

Zamu yako sasa, msomaji. Wavutaji sigara wanakohoa zaidi wakati wa kuzinduka, kwa sababu bomba lao la hewa limeshakuwa na hasira muda mrefu. Ukiacha wiki kadhaa kabla ya upasuaji, koo linapata nafasi ya kutulia. Mafua nayo vilevile. Kijana anaficha kwamba juzi alikuwa anapiga chafya, anaogopa tarehe isisogezwe. Isogezwe tu! Ukiulizwa na mtu wa usingizi kuhusu fegi, pumu, mafua au ulichokula asubuhi, mwambie ukweli wote, hata kama mama mkwe kakaa pembeni. Mwombe atoke kwanza.

Na mkiwa bado mnampeleka mtoto kwa fundi wa mtaani akakatwe kimeo eti ndicho kinachomkohoza, acheni. Kule hakuna usingizi, hakuna mashine ya kufyonza, na damu ikigoma kukatika hakuna wa kuizuia.

Ukishatolewa mpira utajikuta umeinuliwa kichwa, koo linawasha, sauti imekwaruza kidogo. Hiyo ni kawaida. Muuguzi atakuomba uongee, atachungulia bandeji, ataondoka, atarudi tena. Usimwone msumbufu. Damu nyingi za shingoni hujitokeza ndani ya saa 24, na karibu nusu yake katika saa 6 za kwanza. Ndugu aliyekaa kando ya kitanda akiona shingo inajaa, bandeji inabana, mgonjwa anashindwa kumeza mate au anahangaika kukaa ili apate pumzi, asingoje daktari apite raundi. Apige kelele hapohapo.