Kuachana Angani Bila Kugongana

Chombo cha Soyuz kinapoaga Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, hakuna kishindo. Mota hufungua kulabu zilizokishika, taratibu, kwa dakika kadhaa. Zikishaachia, springi zilizokuwa zimebanwa hujinyoosha na kukisukuma nje kwa sentimita kumi na kitu kwa sekunde. Kobe angeweza kuandamana nacho. Injini bado zimezimwa kwa makusudi, maana gesi yake ya moto ikipulizwa kwa karibu inaweza kuharibu paneli za sola na kukisukasuka kituo chenyewe.

Kusukumwa huko ndiko rahisi. Kazi ni kuhakikisha chombo hakirudi.

Hapa duniani ukisukuma mashua ikaacha gati, imekwenda. Huko juu, chombo na kituo vyote vinaizunguka Dunia kwa kilomita 7.7 hivi kwa sekunde, mzunguko mmoja kwa takriban dakika 92, na msukumo mdogo huipinda tu njia ya kimojawapo. Tuseme chombo kimesukumwa kwenda juu, kikiipa Dunia mgongo, kwa sentimita 10 kwa sekunde, kisha kikaachwa. Kitapanda kama mita 90, kibaki nyuma mamia ya mita, kishuke hadi chini ya usawa wa kituo, halafu kipande tena. Tukiacha kando hewa hafifu iliyoko huko, dakika 92 zikitimia kitakuwa kinabisha hodi kwenye mlango ule ule. Kikisukumwa ubavuni mambo ni mabaya zaidi, kwani njia hizo mbili hukatana kila nusu mzunguko.

Dawa yake inashangaza: piga breki. Injini ikiwashwa kupinga mwendo, chombo hushuka kwenye njia ya chini, ambayo ni fupi na huzungukwa upesi zaidi. Kupunguza mita 1 tu kwa sekunde kunatosha kukitanguliza mbele ya kituo kwa kilomita 16 hivi kila mzunguko. Aliyepunguza mwendo ndiye anayetangulia!

Mwanaanga wa Marekani James McDivitt alionja kinyume chake Juni 1965. Akiwa na mwenzake ndani ya chombo cha Gemini 4, alitaka kukisogelea kipande cha roketi kilichowapandisha, kilichokuwa kimeachana nao muda mfupi tu. Alifanya ambavyo rubani yeyote wa ndege angefanya: akakielekezea pua, akaongeza mwendo. Kipande kikazidi kumponyoka, mafuta yakapungua, jaribio likaachwa.

Kwa hiyo wapangaji wa safari hawamwachii rubani akisie. Kila hatua ya kuondoka hukokotolewa kwa swali la mtu mwenye wasiwasi: injini zikizima sasa hivi, chombo kitaelea kwenda wapi? Jibu likionyesha kwamba kitarudi kituoni, au hata ndani ya duara la mita 200 linalokizunguka kituo, njia hiyo hutupwa na nyingine huchorwa kabla kulabu hazijafunguliwa.