Mikutano ya Wanafunzi wa Historia ya Sanaa

Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, wanafunzi wasomeao shahada za juu katika historia ya sanaa hufanya mkutano wao wenyewe, siku moja au mbili kwa mwaka. Walimu huwapo, lakini si wao wenye shughuli. Wanafunzi ndio wachaguao jambo la kuzungumzwa, waombao fedha kwa idara, na wapimao mihtasari iletwayo kutoka vyuo vingine, pengine majina ya waandishi yakiwa yamefichwa. Kila msemaji hupewa dakika 20 hivi. Watatu au wanne wakiisha kusema, maswali hufuata. Mtaalamu wa nje hualikwa kutoa hotuba kuu.

Kazi iliyo ngumu kupita zote ni hiyo ya kupima. Anayekataa muhtasari wa mwenzake leo, mwaka ujao wake yeye utakuwa mikononi mwa wengine. Na kule kusoma mihtasari mingi, mibovu kwa mizuri, humfundisha namna swali la utafiti liundwavyo kuliko mihadhara mingi. Naye msemaji huulizwa mapema, sura ya tasnifu yake ikiwa bado mbichi na makosa yangali yaweza kusahihishwa.

Mikutano hiyo huonyesha pia jinsi mipaka ya elimu yenyewe inavyosogea. Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Rochester, katika jimbo la New York, kilianzisha masomo yachunguzayo si michoro ya makumbusho tu, bali filamu, picha za magazeti na matangazo ya biashara. (Kwa kipimo hicho kanga, pamoja na mji wake, pindo na jina, yastahili kusomwa kama mchoro wowote.) Wataalamu hawakukubaliana: mwaka 1996 jarida la October lilichapa majibu ya wengi wao, na baadhi walihofu kwamba historia ya sanaa itapoteza makali yake.

Kasoro kubwa ya mikutano hii ni usahaulifu. Waandaaji humaliza masomo wakaenda zao, na maneno yaliyosemwa huenda nao, kwa kuwa machache tu huchapwa. Wanafunzi wa Rochester walianzisha jarida katika intaneti, InVisible Culture, mwaka 1998, wakilihariri wenyewe. Penye jarida la namna hiyo mwanafunzi ajaye aweza kuona lililokwisha kusemwa. Pasipo nalo, kila kundi huanza upya, likauliza maswali ambayo miaka mitano nyuma yalikwisha jibiwa katika chumba kile kile.