Vazi la Mwanaanga na Nguo ya Merikani

Katika karne ya 19, miongoni mwa mizigo iliyopandishwa na wapagazi kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, nguo moja ilikuwa na heshima ya pekee. Ilikuwa nguo nzito ya pamba, isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, nao Waswahili wakaiita merikani. Ilipimwa kwa shuka na kwa doti. Ndiyo iliyolipa hongo kwa watemi, ndiyo iliyonunua chakula njiani. Burton na Speke, waliofika Kazeh mwaka 1857, na Stanley aliyefika mwaka 1871, wote walihesabu uwezo wa safari zao kwa mitumba ya nguo kabla ya kuuhesabu kwa kitu kingine chochote.

Takriban miaka 100 baada ya Stanley, Wamarekani walifanya safari nyingine iliyotegemea nguo. Mwezi Julai 1969, Neil Armstrong na Edwin Aldrin walitembea juu ya Mwezi wakiwa wamevaa mavazi yaliyoshonwa kwa cherehani na mafundi wanawake mjini Dover, jimbo la Delaware. Kampuni iliyoyatengeneza ilikuwa na udugu na kiwanda mashuhuri cha nguo za ndani za wanawake, na baadhi ya washonaji walitoka huko. Kosa la mshono lisilofika milimita moja lilitosha kuifanya kazi yote irudiwe. Kwa hiyo mwanafunzi wa Tabora anayetaka kushona mfano wa vazi la mwanaanga kwa maonyesho ya sayansi ya shule yake hana sababu ya kuona kwamba sindano na uzi ni vyombo duni kwa kazi hiyo. Lakini hapana budi aelewe kila sehemu ya vazi hilo ina kazi gani, ili mgeni atakapouliza ajibiwe kwa fizikia badala ya kujibiwa kwa rangi ya fedha inayong'aa.

Kanieneo ya hewa

Tabora iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hapo kanieneo ya hewa ni kama kilopaskali 88, ambapo pwani ni 101. Tofauti hiyo yaonekana jikoni: maji ya Tabora huchemka katika nyuzi 96 hivi za sentigredi. Kadiri mtu apandavyo, ndivyo maji yachemkavyo kwa joto dogo zaidi. Na katika kimo cha kilomita 19 hivi kanieneo hupungua hadi kilopaskali 6.3, ambapo maji huchemka katika nyuzi 37. Hilo ndilo joto la mwili wa binadamu. Mtu asiyevaa vazi la kumkinga angeona mate yakichemka ulimini mwake pasipo moto wowote.

Basi kazi ya kwanza ya vazi ni kuuzungushia mwili hewa yenye kanieneo. Mavazi ya safari za Apollo yalijazwa oksijeni tupu kwa kilopaskali 26 hivi. Mwanafunzi makini atauliza mara moja: je, yawezekanaje kanieneo iliyo chini ya theluthi moja ya ile ya Tabora imtoshe mtu? Jibu limo katika hesabu fupi. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 tu. Chukua 88, zidisha kwa 21, gawanya kwa 100, utapata kilopaskali 18.5. Hiyo ndiyo sehemu ya oksijeni katika hewa ya Tabora. Mwanaanga mwenye 26 ana oksijeni nyingi kumpita mwenyeji wa Unyamwezi.

Hata hivyo, kuitia hewa ndani ya nguo huleta tatizo jingine, nalo ndilo lililowasumbua mafundi kwa miaka mingi. Mwalimu na atwae mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa, aukate kipande cha urefu wa mkono, afunge ncha zake barabara na kuujaza upepo. Kisha mwanafunzi ajaribu kuukunja. Ataona kwamba mpira huo, uliokuwa laini kama utepe, sasa washindana naye. Sababu ni kwamba mrija ukikunjwa mahali pamoja, nafasi ya ndani hupungua, hivyo hewa hubanwa, na kuibana hewa ni kufanya kazi. Mwanaanga katika vazi lisilo na viungo maalumu angefanya kazi hiyo kila anapokunja kiwiko, na vidole vingechoka kabla ya mwili wote.

Mrusi Aleksei Leonov, mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo angani, aliyaona hayo tarehe 18 Machi 1965. Alikaa nje kwa dakika 12 hivi. Vazi lake likavimba na kukakamaa hata akashindwa kurejea mlangoni, ikambidi aifungulie hewa kidogo kidogo itoke, jambo la hatari kubwa. Kabla yake, mwaka 1934, rubani Wiley Post wa Marekani alikuwa amejaribu mavazi matatu ya mpira ili aruke juu sana kwa ndege. La kwanza lilivuja. La pili lilimkwama mwilini hata likakatwa ndipo atoke. La tatu likafaa. Russell Colley, mhandisi aliyemtengenezea Post vazi hilo, baadaye alishughulikia mavazi ya mradi wa Mercury, na inasimuliwa kwamba alipata fikra ya kiungo kwa kumtazama kiwavi wa mnyanya. Kiwavi hujikunja bila taabu kwa kuwa mwili wake una mapingili: upande mmoja hujifupisha, upande wa pili hurefuka, na nafasi ya ndani hubaki ile ile.

Mshonaji wa Tabora aweza kuiga jambo hilo. Mikono na miguu ya vazi ikatwe mirefu kuliko kawaida, kisha ishonwe marinda yanayozunguka kwenye viwiko na magoti. Kamba mbili nyembamba, moja kila ubavu wa kiungo, zizuie marinda yasifunguke kwa urefu. Kwa nguo yenyewe, merikani ingali inafaa kuliko vitambaa vingi vya gharama. Na pasipo nguo mpya, mashuka makuukuu au magunia ya unga yaliyofuliwa yatatosha.

Joto, na siri ya mtungi

Watu wengi hudhani kwamba vazi la mwanaanga ni koti la baridi. Dhana hiyo ni nusu ya kweli. Mchana juu ya Mwezi ardhi hupita nyuzi 100 za joto, na usiku hushuka chini ya nyuzi 100 za baridi. Kwa vile hakuna hewa, joto haliwezi kupenya ila kwa mnururisho au kwa kugusana. Kwa sababu hiyo vazi hufanana na chupa ya chai: matabaka mengi ya plastiki nyembamba sana iliyopakwa alumini, yaliyotenganishwa ili yasigusane, kila moja likirudisha sehemu kubwa ya mnururisho ulipotoka. Mfano wake hupatikana bure katika karatasi za ndani za pakiti za biskuti na za maziwa ya unga, ambazo zaweza kushonewa kifuani na mabegani.

Lakini chupa ya chai huzuia joto lisiingie na pia lisitoke. Mwili unaofanya kazi hutoa joto daima, na mwanaanga aliyefungwa humo angepikwa na mwili wake mwenyewe. Dawa yake ni fulana iliyofumwa pamoja na mirija myembamba ipitishayo maji. Katika mavazi yaliyotumiwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga urefu wa mirija hiyo ni kama mita 90. Maji hubeba joto hadi kwenye begi la mgongoni. Na huko joto huenda wapi, ikiwa nje hakuna hewa ya kulipokea?

Jibu lajulikana katika kila nyumba yenye mtungi wa udongo. Maji hupenya polepole kwenye vitundu vya mtungi, hugeuka mvuke juu ya uso wake, na mvuke huo huondoka na joto. Ndiyo maana maji ya mtungini huwa baridi hata katika mwezi wa Oktoba. Begi la mwanaanga lina bamba la chuma lenye vitundu vidogo mno. Maji hupenya humo, huganda kuwa barafu yakutanapo na ombwe, na barafu hugeuka mvuke moja kwa moja. Wanafunzi wa kidato cha tatu na kuendelea waweza kupiga hesabu: mtu anayefanya kazi kwa bidii hutoa joto la wati 300 hivi, yaani jouli 1,080,000 kwa saa, kila gramu ya maji inayogeuka mvuke huchukua jouli 2,500 hivi, kwa hiyo zahitajika takriban gramu 430 za maji kwa saa. Mtungi mdogo watosha safari ndefu.

Begi lenyewe litengenezwe kwa boksi la katoni na chupa mbili za plastiki. Vazi la Apollo pamoja na begi lake lilikuwa na kilo 82 hivi, yaani frasila tano, ambapo mpagazi wa Kinyamwezi alichukua frasila mbili tu. Mwezini mzigo huo ulikuwa na uzito wa sehemu moja ya sita, chini ya frasila moja ya hapa. Boksi lisijazwe mawe ili kuigiza uzito: mwanafunzi hayuko Mwezini.

Kofia

Sehemu hii yataka uangalifu kuliko zote. Kofia huumbwa kwa karatasi za gazeti zilizolowekwa katika uji wa unga wa muhogo na kubandikwa, tabaka sita au saba, juu ya puto kubwa au chungu kilichopakwa mafuta. Ikikauka, upande wa mbele ukatwe uwazi mpana, nao uachwe wazi. Usifunikwe kwa plastiki, wala kofia isifungwe shingoni, wala mtoto yeyote asivishwe mfuko wa plastiki kichwani hata kwa mzaha wa dakika moja. Mtu aliyetulia hutoa kiasi cha mililita 200 za kaboni dayoksaidi kila dakika. Kofia iliyozibwa, yenye nafasi ya lita 8, hufikia asilimia 5 ya hewa hiyo kwa dakika mbili tu. Kichwa huuma, akili huvurugika, na mtu huweza kuzimia kabla oksijeni haijaisha. Tena huyo ni mtu aliyekaa kimya, siyo mwanafunzi anayerukaruka jukwaani.

Wanaanga wenyewe hutegemea kemikali, kama vile lithi hidroksidi, kuifyonza hewa hiyo. Mwezi Aprili 1970 chombo cha Apollo 13 kilipoharibika, wasafiri watatu walibakiwa na makopo ya kemikali yenye umbo la mraba ambayo hayakuingia katika mitambo yenye matundu ya mviringo. Waliyaunganisha kwa mifuko ya plastiki, karatasi ngumu na utepe wa gundi, wakapona. Vifaa hivyo havipiti thamani ya vile vinavyotumiwa katika makala haya.

Mwalimu wa Tabora anao mfano bora zaidi karibu naye: vazi la mfugaji nyuki. Nalo ni jeupe, hubanwa vifundoni na viganjani, na lina kofia yenye wavu. Tofauti yake ndiyo somo. Mrina asali anataka kuzuia nyuki na kuruhusu hewa. Mwanaanga anataka kuzuia hewa isitoke kabisa. Yafaa mavazi hayo mawili yaning'inizwe bega kwa bega kwenye maonyesho.

Vazi la maonyesho lisivaliwe juani, wala kwa zaidi ya dakika 15 mfululizo, kwani karatasi za alumini na plastiki huzuia jasho kukauka. Kuhusu kulihifadhi, adui mkubwa ni mchwa na mende, ambao hupenda uji wa muhogo kuliko wafanyavyo walimu wa sayansi. Kofia ikishakauka kabisa na kupakwa rangi, ipakwe nta ya nyuki kwa kitambaa ili unyevu usiingie. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 63 hivi. Iyeyushwe katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, isiwekwe juu ya moto wenyewe, kwa maana hushika moto upesi. Kisha kofia itundikwe darini kwa waya, mbali na ukuta.